Pasaka ya Wayahudi na swali la mtoto

Mwanafunzi yeyote aliyepitia somo la Elimu ya Dini ya Kikristo katika shule zetu za upili anaweza kukutajia, tena bila kigugumizi, mambo yahusuyo Pasaka ya Wayahudi: mwanakondoo asiye na ila, damu kwenye miimo ya milango, mboga chungu, mikate isiyotiwa chachu, viatu miguuni na fimbo mkononi. Atayapanga kwa nambari na atatuzwa alama zake. Mwenzake aliyelelewa madrasani naye anamfahamu vyema Nabii Musa na Firauni, na bahari iliyopasuka ikawa njia. Lakini waulize wote wawili ni kwa nini watu hao wangali wanaiadhimisha sherehe hiyo baada ya karne nyingi hivyo, na ni kitu gani hasa kilichoizuia isife. Aghalabu utapokewa na kimya.

Swali hilo limenishughulisha kwa muda mrefu, maadam mimi ni mwalimu na kazi yangu ni kurithisha mambo. Jibu nililolipata ni kwamba nguzo kuu ya Pasaka ya Kiyahudi si mwanakondoo wala si mkate. Nguzo yake ni swali la mtoto. Nasi tunaoshika chaki tuna la kujifunza hapo.

Tuanze na kiini cha sherehe yenyewe. Kitabu cha Kutoka katika Torati chasimulia kwamba wana wa Israeli walikuwa watumwa nchini Misri, wakifinyanga matofali na kumjengea Farao miji ya kuwekea akiba. Farao alipokataa kuwaachilia, Misri ilipigwa kwa mapigo kumi. Pigo la mwisho lilikuwa kifo cha wazaliwa wa kwanza. Nyumba za Waisraeli, zilizopakwa damu ya mwanakondoo, zilipitwa zikaachwa salama, na kupitwa huko ndiko kulikoipa sikukuu hii jina. Usiku huo huo watu wakaondoka kwa haraka, na unga waliokuwa wameukanda haukupata nafasi ya kuumuka.

Msomaji wa historia atauliza kama mambo haya yana ushahidi nje ya Maandiko. Wataalamu hawajaafikiana. Hakuna maandishi ya Misri ya kale yanayosimulia kutoroka huko, na kutajwa kwa kale zaidi kwa jina la Israeli kunakokubaliwa na wengi kumo katika jiwe la Farao Merneptah, la mwishoni mwa karne ya 13 K.K., lililogunduliwa mnamo 1896. Jiwe hilo lawataja Waisraeli kama watu waliokuwa tayari katika nchi ya Kanani. Mjadala huo una mahali pake. Hata hivyo, jambo lisilo na shaka hata chembe ni kwamba masimulizi haya yameunda taifa zima, na kwamba taifa hilo limeyapokeza kwa watoto wake kizazi baada ya kizazi.

Pasaka huanza jioni ya kuamkia tarehe 15 ya mwezi wa Nisani, mbalamwezi ikiwa imekamilika. Kalenda ya Kiyahudi huufuata mwezi mwandamo kama ile ya Kiislamu, ila mara 7 katika kila miaka 19 huongezwa mwezi wa 13 ili Pasaka ibaki katika majira ya machipuko. Ndiyo sababu Ramadhani huuzunguka mwaka mzima ilhali Pasaka haiachani na Machi na Aprili. Katika Israeli sikukuu hii huchukua siku 7. Wayahudi walio wengi ughaibuni huiadhimisha kwa siku 8, na sababu yake haitakuwa ngeni kwa mkazi wa pwani yetu: hapo kale mwanzo wa mwezi ulitangazwa baada ya kuandama kuthibitishwa Yerusalemu, na wajumbe hawakuwahi kuzifikia nchi za mbali kwa wakati. Siku moja iliongezwa kwa tahadhari, nayo ikadumu.

Kabla ya siku hiyo kuwadia, nyumba hupinduliwa juu chini. Kila kitu kilichotengenezwa kwa ngano, shayiri au nafaka nyingine tatu za jamii hiyo, kikaumuka, hakina budi kuondolewa. Makabati husuguliwa, mifuko ya nguo hukung'utwa, na familia nyingi huwa na vyombo vya kulia vya Pasaka pekee, ambavyo havigusi mkate wa kawaida mwaka mzima. Vyakula ambavyo kuvitupa kungeleta hasara huuziwa mtu asiye Myahudi kwa mkataba halali, kisha hununuliwa tena sikukuu ikiisha. Usiku wa kuamkia siku ya maandalizi, baba au mama huzunguka vyumbani pamoja na watoto, mshumaa mkononi, wakitafuta makombo. Yatakayopatikana huteketezwa asubuhi. Hapo hutamkwa maneno ya Kiaramu, lugha ndugu ya Kiebrania na Kiarabu, ya kuikana chachu yoyote iliyobaki bila kuonekana. Neno la Kiaramu linalotajwa hapo kwa maana ya chachu ni *hamira*. Naam, ni neno lile lile ambalo mama apikaye maandazi Mombasa hulitamka kila uchao, lililotufikia sisi kupitia Kiarabu!

Mkate wa Pasaka huitwa matza. Ni unga na maji tu. Tangu maji yagusane na unga hadi mkate uingie tanurini, sheria yao hairuhusu zaidi ya dakika 18, na mkate hutobolewa vitundu ili usivimbe. Waokaji hukimbizana na saa, na kwa kukimbizana huko wanakumbuka haraka ya usiku ule. Mkate huu una maana mbili zinazopingana. Ni chakula cha mtumwa asiye na wakati wala mali, na papo hapo ni chakula cha aliyekuwa akiondoka kwenda kuwa huru. Utumwa na uhuru vimo katika tonge moja.

Usiku wenyewe una karamu iitwayo Seder, neno la Kiebrania lenye maana ya mpangilio. Mezani huwekwa sinia yenye vitu kadhaa, na kila kimoja kina kauli yake. Pana mfupa uliochomwa, ukumbusho wa mwanakondoo. Pana yai lililochemshwa, ukumbusho wa sadaka za Hekaluni. Pana mboga chungu au mzizi mkali unaotoa machozi, ili ulimi uonje uchungu wa utumwa. Pana majani mabichi ya kuchovya katika maji ya chumvi, ambayo ni machozi yenyewe. Pana pia mchanganyiko mtamu wa matunda, njugu na divai, uliopondwa ukafanana na udongo wa kufyatulia matofali. Kila mtu hunywa vikombe vinne vya divai, au maji ya zabibu kwa walio wadogo, na desturi ni kunywa huku umeegemea upande wa kushoto. Katika ulimwengu wa Wayunani na Warumi, mtu huru ndiye aliyekula akiwa ameegemea, ilhali mtumwa alisimama akihudumu. Usiku huu kila mmoja ni mtu huru.

Sasa tumekifikia kiini cha hoja yangu. Kikombe cha kwanza kikishanywewa na majani yakishachovywa, haanzi kusema mzee wa nyumba. Anayeanza ni mtoto mdogo kuliko wote. Ndiye atakayeuliza, kwa wimbo na kwa sauti ya kusikika, ni kwa nini usiku huu umetofautiana na usiku mwingine wote: mbona mkate ni wa namna hii tu, mbona mboga ni chungu, mbona tunachovya mara mbili, mbona tumeegemea. Masimulizi yote yafuatayo, yaliyokusanywa katika kitabu kiitwacho Hagada, yamepangwa kuwa jibu la swali hilo.

Tena wenye hekima wao hawakuliacha jambo hili kwa bahati. Mishna, mkusanyo wa sheria za mapokeo uliokamilishwa yapata mwaka 200 B.K., waagiza kwamba mtoto aulize, na asipokuwa na ufahamu wa kutosha baba amfundishe. Talmudi yaendelea kueleza kuwa pasipo mtoto, mke amwulize mumewe. Aliye peke yake na ajiulize mwenyewe. Hata wanazuoni wawili waliobobea, wanaozijua sheria zote za Pasaka, sharti waulizane. Laiti ningekuwa na uwezo, ningeibandika kanuni hii katika kila chumba cha walimu: anayejua naye anatakiwa aulize.

Kila mbinu hutumiwa kumweka mtoto macho. Yasimuliwa katika Talmudi kwamba Rabi Akiva, aliyeishi katika karne ya kwanza na ya pili, alikuwa akiwagawia watoto njugu jioni ya Pasaka ili wasisinzie, bali waulize. Hadi leo kipande cha matza hufichwa, na karamu haiwezi kukamilika mpaka watoto wakitoe, nao hawakitoi bure bila kuahidiwa zawadi. Wayahudi wenye asili ya Uajemi na Afghanistani huchapana mabua ya vitunguu vibichi mezani, vicheko vikitawala, kuigiza mijeledi ya wasimamizi wa Farao. Mtoto aliyekichapa kitunguu kichwani mwa babu yake hatausahau usiku huo.

Hagada yenyewe inawataja wana wanne. Yupo mwenye hekima, anayetaka kujua kila kipengele. Yupo mwovu, anayeuliza kwa kejeli kana kwamba mambo hayo hayamhusu. Yupo mnyoofu asiye na maneno mengi, na yupo asiyejua hata kuuliza. Kila mmoja ana jibu lake kwa kadiri ya hali yake. Tazama kwamba mwovu, pamoja na kukaripiwa, hafukuzwi mezani. Na huyo wa nne, ambaye wengi wetu tungemwita mjinga, mzazi huagizwa amfungulie mlango wa mazungumzo, asingoje swali lisilokuja.

Mbona kuuliza kukapewa uzito huu? Historia inatusaidia. Zamani Pasaka ilikuwa hija ya Yerusalemu, watu walikochinja wanakondoo Hekaluni. Mnamo mwaka 70 B.K. majeshi ya Kirumi yaliliangamiza Hekalu hilo. Madhabahu ikatoweka, makuhani wakakosa kazi, na taifa likatawanyika. Sherehe iliyotegemea jengo ingekufa pamoja na jengo. Ikahamishiwa nyumbani. Meza ikachukua nafasi ya madhabahu, mzazi akachukua nafasi ya kuhani, na mwanakondoo akabaki mfupa sahanini. Mtoto, aliyeagizwa kuuliza tangu katika Torati yenyewe, sasa akawa ndiye tegemeo kubwa, kwani palipo na mtoto anayeuliza na mtu mzima aliye tayari kujibu, Pasaka yawezekana popote, hata gizani, hata uhamishoni.

Yapo mambo mengine matatu katika masimulizi hayo yanayonistaajabisha. Kwanza, sheria yataka msimulizi aanze na aibu ya ukoo kabla ya kufikia fahari yake. Mataifa mengi hujisifia wafalme na mashujaa waliowaanzisha. Hawa huwaambia watoto wao waziwazi kwamba babu zenu walikuwa watumwa, na kabla ya hapo waliabudu sanamu. Pili, Musa aliyeongoza safari yote karibu hayumo katika Hagada ya mapokeo. Jina lake hutajwa mara moja tu, tena kwa kupita. Ukombozi ni wa Mungu, na shujaa hageuzwi kuwa mungu mdogo. Tatu, mapigo kumi yanapohesabiwa, kila mtu hupunguza divai kikombeni mwake tone moja kwa kila pigo. Ufafanuzi uliozoeleka ni kwamba furaha haiwezi kujaa pomoni ilhali wengine, hata wakiwa adui, waliangamia.

Hagada yasisitiza pia kwamba katika kila kizazi mtu ajione kana kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetoka Misri. Kwa wengi agizo hilo halikuhitaji kubuniwa. Mnamo tarehe 19 Aprili 1943, siku ambayo jioni yake Pasaka ilikuwa ianze, majeshi ya Wanazi yaliingia katika mtaa waliozuiliwa Wayahudi mjini Warsaw ili kuwamaliza waliosalia. Vijana waliokuwa na silaha haba wakayapinga kwa wiki kadhaa. Kati ya Novemba 1984 na Januari 1985, Wayahudi wa Ethiopia wapatao 8,000 walisafirishwa kwa ndege kwa siri kutoka Sudan hadi Israeli, baada ya mwendo mrefu wa miguu ambamo maelfu walifia njiani na kambini. Operesheni hiyo ilipewa jina la Musa.

Wala hatuhitaji kwenda mbali. Karibu na Mbale, mashariki ya Uganda, wanaishi Abayudaya, jamii iliyoanzishwa mnamo 1919 na Semei Kakungulu, jemadari Mganda aliyesoma Torati na kuamua kuifuata. Katika miaka ya 1970 Idi Amin aliipiga marufuku dini yao. Masinagogi yakafungwa, wengi wakaiacha imani hiyo, na waliobaki wakasali kwa siri. Serikali ya Amin iliangushwa Kampala tarehe 11 Aprili 1979, majeshi ya Tanzania yakiwa pamoja na wapiganaji wa Uganda. Jioni ya siku hiyo hiyo ndipo Pasaka ya mwaka ule ilipoanza. Nani angehitaji kuelezwa maana ya kutoka utumwani usiku ule?

Hata hivyo, kumbukumbu ya mateso ni upanga wenye makali kuwili. Yaweza kumfundisha mtu huruma, na yaweza kumfundisha kujihurumia peke yake. Torati ililitambua jambo hilo, ndiyo maana inarudia mara nyingi sana agizo la kumtendea mema mgeni, na sababu inayotolewa ni ile ile: ninyi nanyi mlikuwa wageni Misri. Agizo hili huwasumbua Wayahudi wenyewe, na ni haki liwasumbue. Katika Pasaka ya Aprili 2024 familia nyingi ziliacha viti vitupu mezani kwa ajili ya mateka waliochukuliwa na kupelekwa Gaza tarehe 7 Oktoba 2023. Miongoni mwa Wayahudi hao hao, wapo waliosimama wakidai kwamba Wapalestina waliokuwa wakiuawa Gaza nao watajwe usiku huo. Mabishano yalikuwa makali, na hayajaisha. Nami naona kwamba sherehe iliyojengwa juu ya swali haiwezi kuyakwepa maswali magumu, la sivyo itakuwa imejikana.

Nirudi kwa walimu wenzangu. Sisemi tuige ibada za watu. Kila jamii ina yake, na wahenga wetu walitahadharisha kwamba mwacha mila ni mtumwa. Lakini mila huachwaje? Ni nadra watu kukutana wakaamua kuiacha. Huachwa pale mtoto anapokoma kuuliza, au anapouliza akaambiwa anyamaze, amechelewesha somo. Katika madarasa mengi niliyoyaona, swali ni mali ya mwalimu na jibu ndilo la mwanafunzi. Mwalimu huuliza jambo analolijua, na mwanafunzi hujibu jambo asilolitaka, kisha mtihani ukipita wote wawili hulisahau. Meza ya Pasaka imeugeuza mpango huo: asiyejua ndiye aulizaye, naye ajuaye hulazimika kujibu kwa namna itakayofika.

Kuuliza si ujinga, hutukariri hivyo kila siku katika somo la methali, kisha tukamwadhibu kwa kicheko anayeuliza. Basi tujaribu jambo dogo. Kabla ya kuandika ubaoni maelezo ya Hali ya Hatari ya 1952, au ya biashara ya utumwa katika pwani yetu, tuwape wanafunzi nafasi ya kuuliza, na tuwatume nyumbani wakaulize waliko wazee. Nanyi wanafunzi, babu na nyanya zenu ni vitabu visivyochapishwa mara ya pili. Waulizeni wangali wapo, hata yale ya aibu.

Zaidi ya yote tumtazame yule mwana wa nne. Kila darasa linaye. Huketi dawati la nyuma, hasumbui, hainui mkono, na katika ripoti yake tunaandika kuwa ni mtulivu. Alipoingia darasa la kwanza hakuwa hivyo; alikuwa akiuliza jua linalala wapi na kwa nini bibi hana meno. Mahali fulani kati ya siku hiyo na leo alifunzwa kunyamaza. Wayahudi wanamtengea nafasi mezani kila mwaka na kumwagiza mzazi aanze yeye kuzungumza naye. Sisi tunaye mbele yetu siku tano kwa juma.